Neno Alilomaliziwa Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa pekee wa marehemu mume wangu, ana kigugumizi. Naanza na hilo ili nilimalize, kwa sababu mwaka huu mtaa mzima umeanza nalo na haukutaka kwenda mbele zaidi. Yako mengine ya kusema juu yake. Ana mkono mwepesi wa kumwogesha mtoto asiyetaka kuoga. Chai huinywa ya moto kiasi cha kuunguza ulimi wa mtu mwingine. Hacheki ovyo, ila ukimwona anacheka jua ameshakucheka wewe. Na muda wote ambao binti yangu alikuwa akipanda madarasa kutoka shule ya awali hadi chuo kikuu, wifi alikuwa akikaa na watoto wadogo wa watu katika nyumba aliyoiacha baba mkwe wangu, akiwafundisha kusema.

Nimesema kuwafundisha kusema. Anayetaka kucheka acheke sasa, kisha tuendelee.

Kaka zake walimpa jina la Haraka tangu utotoni. Ndio utani wa nyumba ile: aliyekuwa mfupi kuliko wote aliitwa Mlingoti. Leo watu wanamwita Bi Haraka, na wengi hawajui kwamba lilikuwa neno la kumchokoza. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimsemea dukani na kwa wageni, mpaka siku moja, wakiwa watoto bado, dada yake alimvuta shati mbele ya mwenye duka akasema, "Nitasema mwenyewe." Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno hayo mawili, waliokuwa nyuma yao wakaanza kuguna. Mume wangu, mtu aliyekuja kuwa mpima ardhi na kuheshimiwa na mahakama, aliniambia kwamba hakuwahi kuaibika tena namna ile maishani mwake. Hakumsemea tena.

Shule aliiacha mapema. Mwalimu wa kusoma alikuwa akimsimamisha mbele ya darasa na kuwaamuru wenzake wahesabu kwa sauti, waone atafika ngapi kabla neno halijatoka. Mimi nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu, na sijui niseme nini juu ya mwalimu wa aina hiyo ila kwamba alikula mshahara wa bure.

Basi akakaa nyumbani akalea. Kwanza watoto wetu, kisha wa majirani, kisha wa watu wa mbali. Chumba kile cha mbele kina sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inateleza, mikeka miwili, ndoo ya maji yenye mfuniko, na ukuta wenye misumari ambako kila mtoto hutundika mfuko wake wa nguo. Kila mfuko umeshonewa picha: ufunguo, kijiko, samaki, mwezi. Mtoto haambiwi "lete mfuko wako." Anaulizwa, "Wako ni upi?" Halafu wifi anasubiri.

Kusubiri huko ndiko kazi yenyewe. Katika chumba kile pana sheria moja, na hata mtoto anayetambaa huijua: usimmalizie mwenzako neno. Mtoto akikwama kwenye "u-u-u," hakuna anayemtupia "ufunguo." Wote wanakaa kimya. Wifi anamtazama usoni kwa utulivu kama mtu anayengoja maji yachemke, hana wasiwasi kwamba hayatachemka. Sifa yake ilienea kwa njia hiyo. Mtoto akichelewa kusema, akigugumia, akiwa anaonyesha vitu kwa kidole tu wakati wenzake wanatukana, mama yake aliambiwa, "Mpeleke kwa Bi Haraka."

Na aliyekuwa akisema hivyo kuliko wote ni mwalimu mkuu wa shule ya awali iliyo nyuma ya soko. Shule yake haipokei mtoto mpaka ajitaje jina, lake na la baba yake, mbele ya meza yake. Asiyeweza hurudishwa mlangoni. "Mpelekeni kwa Bi Haraka kwanza," alikuwa akiwaambia akina mama. "Akianza kusema mrudisheni." Nimemsikia kwa masikio yangu. Naomba msomaji alishike hilo.

Sasa nije kwa binti yangu.

Binti yangu ni mtoto wangu wa mwisho, na shangazi yake alimbeba mgongoni kuliko nilivyombeba mimi. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya elimu. Alipotakiwa kufanya utafiti, akatafuta mada iliyokuwa karibu: je, namna mlezi anavyozungumza huathiri jinsi mtoto anavyojifunza kuzungumza? Mada si mbaya. Akachukua watoto wa kwa shangazi yake upande mmoja, na watoto wa ile shule ya awali upande wa pili. Akawapima. Akakuta wale wa kwa shangazi wako nyuma kwa maneno, na wengi wao wanagugumia. Akaandika kwamba "malezi chini ya mlezi mwenye kigugumizi yanahusishwa na kuchelewa kwa lugha ya mtoto." Hakumtaja shangazi yake kwa jina. Alitaja mtaa, umri, aina ya nyumba, na kigugumizi. Angebakiza nini? Saizi ya viatu?

Sikujua lolote mpaka ikisiri ya tasnifu yake, ukurasa mmoja wa muhtasari, iliposomwa katika mkutano wa walimu wa shule za awali. Mwalimu mkuu wetu akaupiga picha ukurasa huo akautuma kwenye kundi la wazazi, na chini yake akaongeza maneno yake mwenyewe: "Wazazi tuwe makini tunapochagua walezi. Utafiti umethibitisha kuwa kigugumizi huambukiza."

Umethibitisha! Ukurasa ulisema "yanahusishwa." Yeye akasoma "huambukiza."

Asubuhi iliyofuata mama wa mwenye mfuko wa samaki alikuja kuchukua mfuko. Alisema wanahama. Hawakuhama, nimewaona sokoni. Wa mwezi akafuata, kisha wa kijiko, na kabla juma halijaisha wifi alikuwa ameketi katika chumba kilichosuguliwa na misumari mitupu ukutani. Hakulia. Alikuwa ameacha kusema. Ukimwamkia anaitikia kwa kichwa. Mtu aliyepigania kila neno tangu utotoni alikuwa ameamua kwamba haina haja.

Shemeji yangu mkubwa, yule Mlingoti, alinipigia simu. "Shemeji, yanyamazie haya. Ni ya ndani. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ameshapita," nikamwambia, "na kombe kalibeba."

Nje nilikutana na fundi viatu wetu, mtu asiyeweza kuona jeraha bila kulitia kidole. "Mwalimu, nasikia binti yako kamwandika shangazi yake ni kigeugeu?"

"Si kigeugeu. Ni kigeu. Ni neno la utafiti, jambo linalobadilika likapimwa."

"Aa! Basi kapunguziwa. Kigeu kimoja si kibaya."

Sikucheka. Wengine walicheka, na mpaka jioni watu walikuwa wanaulizana kwa nini familia ya mpima ardhi imemwita dada yake kigeugeu. Ndivyo jina la nyumba linavyokwenda: halianguki kwa kishindo, linaliwa kama mbao na mchwa.

Nikamwita binti yangu. Alikuja na tasnifu yake ndani ya jalada zuri, akidhani nataka kumpongeza.

"Kaa," nikamwambia. "Kigeu chako huru ni kipi?"

Akashangaa. "Mama, wewe unajua mambo haya?"

"Nimefundisha vigeu kabla hujajua kutambaa. Jibu."

"Kigeu huru ni mlezi. Namna anavyozungumza. Kigeu tegemezi ni lugha ya mtoto."

"Kwa maneno mengine unasema hiki ndicho kinachosukuma, na kile ndicho kinachosukumwa."

"Nasema vinahusiana, mama. Sikusema kimoja kinasababisha kingine."

"Basi nenda pale kwa fundi viatu. Hesabu viatu vilivyotoboka vilivyo kwake. Halafu nenda dukani, hesabu vilivyotoboka kule. Utakuta kwa fundi ndiko viatu vinakotoboka. Uandike hivyo? Uandike kwamba kukaa karibu na fundi kunahusishwa na kutoboka?"

Akaliweka jalada chini. Si mjinga, binti yangu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mjinga ningemsamehe.

"Lakini mama," akasema baadaye, "niliuliza. Kabla ya kupima nilimuuliza shangazi hali ya watoto wanapoletwa. Alisema hawana tatizo. Ningejua wanaletwa wakiwa na shida, ningekihesabu hicho kama kigeu kingine. Sikuruka hatua."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Inuka, twende."

Tulimkuta wifi anasugua sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Nikamwambia binti yangu amuulize swali lilelile, kama alivyomuuliza siku ile. Akapiga magoti mkekani, sauti imempungua.

"Shangazi, watoto wanapoletwa kwako mara ya kwanza, huwa wanazungumza sawasawa?"

Wifi alimtazama muda mrefu. Nilidhani hatajibu. Kisha akaweka kitambaa chini.

"Hawa-hawa-hawa..."

Nikaona midomo ya binti yangu inafunguka. Aliilazimisha ifungike kwa mkono wake mwenyewe, akakaa nao mdomoni. Nje pikipiki ilipita, ikarudi. Mshipa wa shingo ya wifi ulisimama, macho yakafumba.

"Hawa-hawa-hawase-hawasemi."

Hawasemi. Siku ile ya utafiti alikuwa amefika kwenye "hawa-" na binti yangu, mwenye orodha ya maswali na miadi nyingine mjini, alimsaidia: "Hawana tatizo, siyo?" Akaandika. Akafungua ukurasa mwingine. Binti aliyekulia katika chumba kile, chini ya sheria ile, alimmalizia shangazi yake neno, na kwa nusu ya neno aliyoitia yeye akajenga tasnifu nzima.

"Kwa nini hukunirekebisha, shangazi?" akauliza, machozi yanamtoka.

Wifi akachukua muda wake. "Uli-ulishafu-ulishafungua ukurasa."

Sikumbembeleza binti yangu. Mtu asitegemee nimwandike nikimkumbatia. Nilimwambia ana msimamizi wa utafiti wake chuoni, na kwa kuwa tasnifu bado haijatetewa, aende akamweleze. Alikwenda akarudi na jibu lililonifanya nivae viatu vya kutokea.

Ofisi ya msimamizi iko ghorofani, ina makabrasha mpaka chini ya dirisha na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Ni mtu mpole. Alinivutia kiti, akaniita mama, akaniuliza kama nanywa maji. Upole huo nauogopa, watu hufunikiwa mengi ndani yake.

"Mama, nimemwelewa binti," akasema. "Hili si kubwa. Kila utafiti una mapungufu. Ipo sehemu yake, sura ya mwisho. Ataongeza sentensi: kwamba hali ya watoto kabla ya kupokewa haikuthibitishwa kikamilifu. Basi. Anatetea, anahitimu."

"Mapungufu ya utafiti ni nini, mwanangu?"

"Ni yale ambayo mtafiti hakuweza kuyafikia. Muda mfupi, watu wachache, mambo kama hayo."

"Hili aliweza kulifikia. Lilikuwa mdomoni mwa shangazi yake, akaliziba. Hilo si pungufu, ni kosa."

Akatabasamu. "Mama, hakuna utafiti usio na mapungufu."

"Naam. Na hakuna nyumba isiyo na choo. Lakini hatupikii humo."

Binti yangu aliinamisha uso. Msimamizi akaacha kutabasamu, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Akasema akiibatilisha kazi sasa, binti atakosa mahafali ya mwaka huu, atapima upya, ataandika upya. Akasema sura ya mwisho husomwa na wachache, lakini wanaoisoma ni wataalamu, wataelewa. Nikamwambia akina mama walioondoa watoto hawakusoma hata sura ya kwanza. Walisoma picha ya ukurasa mmoja kwenye simu. Maneno makubwa ya mbele yanatembea mjini kwa miguu yake, na yale madogo ya nyuma yamelala kabatini chuoni. Ukijua hivyo, huweki ukweli nyuma.

"Uamuzi ni wa mwanafunzi," akasema mwishoni, akimgeukia.

Nilitaka kusema. Namshukuru Mungu nilijizuia, kwa sababu binti yangu alisema mwenyewe, "Naiondoa."

Amekosa mahafali. Ndugu wamenilaumu, kana kwamba joho ndilo jina la familia. Jina la familia yetu ni kwamba baba yake alipopima kiwanja alirudi kukipima tena ikiwa kamba ilichezacheza, hata kama mwenye kiwanja alikuwa ameshaanza kujenga. Nilimkumbusha hilo njiani, naye akaniambia, "Nilishalikumbuka kabla yako, mama." Lilikuwa jibu la utovu wa adabu na lilinifurahisha.

Yakabaki ya wifi. Tuliwaalika akina mama waje nyumba ile Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga vizuri, yanauma panapostahili. Nikasimama.

Wifi akanigusa mkono. "Ka-kaa, wifi."

Nikakaa.

Binti yangu alitangulia. Aliwaambia wazi alikosea wapi, jinsi swali lilivyoulizwa na nani alilijibu. Hakujificha nyuma ya maneno ya chuo. Kisha wifi akasimama mbele ya watu zaidi ya ishirini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwalimu yule wa kusoma. Alichosema kingeandikwa kwa mistari mitatu: kwamba watoto huja kwake hawasemi, kwamba kigugumizi si upele, na kwamba anayetaka kumrudisha mwanawe amrudishe kesho, asiyetaka asimsalimie kwa huruma. Mistari mitatu hiyo ilichukua muda wa kuchemsha sufuria mbili za chai. Mama mmoja pembeni alishindwa kuvumilia, akamtupia neno, "Upele!" Wifi akasimama hapohapo. Akamtazama. Akaanza sentensi upya kutoka mwanzo. Mama yule alitazama magoti yake mpaka mwisho.

Walirudi nusu, pengine pungufu kidogo. Wa samaki hakurudi. Alikuwa msichana aliyeletwa akiwa anabweka tu kama mbwa wa jirani yao, na alipoondolewa alikuwa ameshafika kwenye "nataka" na "sitaki." Bibi yake ameniambia sasa hasemi tena hata hayo. Hilo hakuna tasnifu mpya itakayolirudisha, na kila ninapolifikiria hasira hunipanda upya, wala sitaki ishuke.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya awali alinijia nyumbani. Kwangu mimi, katika sebule yangu, na pakiti ya biskuti za bei. Akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "kumetokea kutoelewana. Naomba unifikishie samahani yangu kwa Bi Haraka. Wewe unajua jinsi ya kumweleza."

"Kutoelewana kulitokea wapi? Wewe ndiwe uliyekuwa ukimpelekea watoto."

"Ndiyo maana nasema samahani."

"Umesema neno 'huambukiza.' Ulilisoma wapi?"

Akazungusha pakiti mkononi. "Nilifupisha tu, mwalimu. Wazazi hawapendi maneno marefu."

Nikasimama nikamfungulia mlango. Nikamwambia kwamba mimi si tarishi wa mtu yeyote, na biskuti zake achukue. Nyumba ya wifi anaijua, ni yenye geti la kijani karibu na kisima kilichofungwa, amewaelekeza akina mama huko kwa miaka. Aende asubuhi watoto wakiwepo. Aseme alichonacho, halafu akae mkekani asubiri jibu mpaka liishe, lote, bila kulimalizia.

Mpaka naandika haya hajaenda.